Arjumand Hakuondoka Bila Neno

Siku ya thelathini na tatu tangu Arjumand azikwe, alikuja mtu nyumbani kumsamehe.

Mureed Hussain, kaka yake, alikuwa karakanani, chumba cha mbele cha nyumba yao pale Multan, anasuka mota ya pampu ya kisima. Alikuwa amefika mzunguko wa mia na arobaini wa waya wa shaba, na fundi wa kusuka mota hakatizwi katikati ya hesabu, maana akipoteza idadi huufumua waya wote akaanza upya. Mzee aliyesimama mlangoni ama alilijua hilo, ama alikuwa mtu wa adabu tu. Alingoja mpaka Mureed alipoifunga ncha ya waya kwa uzi, ndipo akatoa salamu.

Jina lake Allah Wasaya, mkulima wa ng'ambo ya mto Chenab. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi na mkononi alikuwa na mfuko wa mapera. Mureed alimvutia kitanda cha kamba, akamletea maji. Mzee akanywa, akajifuta ndevu.

"Mwanangu, nimeambiwa siku ya mazishi ulisimama mbele ya safu ukasema mwenye haki yake kwa marehemu aje kwako."

"Nilisema, mzee. Una haki gani kwake?"

"Mke wangu, Sughran Mai, ana maradhi ya figo. Jumatatu na Alhamisi huja hapa mjini kusafishwa damu kwa mashine. Mwezi uliopita alifika Jumatatu, kompyuta ikasema hayumo kwenye zamu. Tukarudi. Alhamisi tukaja tena, ikasema hayumo. Ijumaa alfajiri alikuwa amevimba hata macho hayaonekani, pumzi anaitafuta haipati. Tulimbeba kwa trekta. Mungu akamrudisha." Mzee aliuweka mfuko wa mapera chini. "Hospitali walitusomea barua ya ofisi iliyotengeneza hiyo programu ya zamu. Ilisema kosa ni la dada yako, mtumishi aliyefariki bila kuacha maelezo yoyote ya kazi yake. Basi mimi na Sughran tumekaa tukazungumza. Hatupendi binti wa watu alale kaburini na haki yetu shingoni. Nimekuja kusema tumemsamehe."

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayerudisha chombo alichoazima.

Desturi ilimtaka Mureed aseme, Mungu akulipe. Maneno yenyewe ni mawili tu. Akiyasema, amekubali. Amekubali kwamba Arjumand, aliyekuwa hawezi kulala akijua amesahau kufunga bomba la jirani, aliiacha kazi ya wagonjwa wazi kama mlango wa zizi, akaenda zake.

"Mzee," akasema mwisho, "usimsamehe bado."

"Nisimsamehe?"

"Jumapili ijayo ni arobaini yake. Njoo. Kama kosa ni lake, nitatembea kwa miguu mpaka kijijini kwenu nimwombe radhi mama Sughran mbele ya watu. Kama si lake, huu msamaha wako ni tusi."

"Tusi?" Allah Wasaya akautazama mfuko wake. "Nimepanda mabasi mawili kuja kutukana watu, tena nimebeba mapera?"

"Mapera nayapokea, mzee. Msamaha rudi nao kwanza."

Mzee alicheka bila kutaka, akaondoka akitikisa kichwa. Mureed alirudi kwenye mota yake, akasuka mizunguko sita, akapoteza hesabu.

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Walisema kwa aliyesafiri, na huyo aliyesafiri ana siku atakayorudi akajisemea mwenyewe. Arjumand Khurshid alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Homa ya dengi ilimchukua kwa siku sita, katika mwezi ambao nusu ya mtaa ilikuwa kitandani. Baba yao alifariki zamani. Mama yao, Khurshid Bibi, alikufa miaka sita kabla yake, na kifo chake ndicho kilichompa Arjumand kazi. Miaka mitatu mama alisafishwa damu katika wodi ile ile. Zamu zilikuwa zikiandikwa katika daftari kubwa lenye jalada jekundu. Karani akiumwa, daftari halionekani. Chai ikimwagika juu ya ukurasa, watu wanne wamepoteza Jumatano yao. Arjumand alikuwa mwanafunzi wa kompyuta wakati huo. Alikaa na mama kwenye benchi la nje akifanya mazoezi ya chuo magotini. Alipopata kazi, na ofisi yake ikapewa na hospitali kazi ya kutengeneza programu ya zamu, aliiomba yeye. Bwana Tauqir, mkuu wa ofisi, alimwambia ni kazi ndogo isiyo na sifa. Akasema, nipe mimi hiyo isiyo na sifa.

Alifanya kazi yake nyumbani, kwenye roshani, kwa kompyuta aliyoinunua kwa mshahara wake. Mureed alisoma mpaka kidato cha nne tu, lakini dada yake hakuwahi kumfanya ajione mjinga. Jioni, wakinywa chai ya maziwa, alimweleza kazi yake kwa mifano ya karakana.

"Kaka, siku hizi tunaandika msimbo na msaidizi wa akili mnemba. Yumo humo humo ndani ya programu tunayoandikia. Ni fundi hodari, mtiifu, hachoki. Ila ana ugonjwa mmoja. Kila asubuhi anakuja akiwa ameisahau karakana yote. Umwambie upya mota hii ya nani, waya ule wa unene gani, na kwa nini ile ya kona haiguswi."

"Mimi fundi kama huyo ningemfukuza siku ya pili."

"Mimi nimempa daftari." Alionyesha kitu kwenye kioo, kitone kidogo cha kijani. "Hii ni programu ya kumbukumbu. Nimeiunganisha naye. Nikimwambia 'weka hili', analiweka hapa kwenye kompyuta yangu, na kesho kabla hajaanza kazi analisoma kwanza. Sasa hasahau."

"Na wenzako ofisini?"

Hapo uso wake ulibadilika. "Wao bado wana yule wa kusahau. Nimemwambia Bwana Tauqir tuunganishe kumbukumbu hii na kompyuta zao. Anasema tungoje."

Mureed aliyakumbuka mazungumzo hayo usiku na mchana tangu mzee alipoondoka, na yalimchoma kuwili. Kama Arjumand aliandika, basi ofisi imemzulia maiti. Lakini siku zile za mwisho alikuwa amelala na homa, kompyuta tumboni, midomo imekauka, na Mureed mwenyewe alimwona akifuta kitu, akiandika, akifuta tena. Je, kama mkono wa homa ndio uliokosea? Baada ya kila sala aliomba: Ewe Mola, kama ni yeye, nipe nguvu ya kulisema. Kama si yeye, nipe njia ya kulijua. Aliona haya kwamba ombi la pili alilisema kwa sauti kubwa kuliko la kwanza.

Siku mbili baadaye ofisi ilimtuma Nosheen kuja kuichukua kompyuta.

Nosheen alikuwa mfanyakazi mwenza wa Arjumand, msichana mwembamba mwenye miwani, ambaye zamani alikuwa akija kula chapati za Arjumand na kuzisifia kupita kiasi. Safari hii hakuvuka hata kizingiti. Shangazi Siddiqa, dada wa baba yao, aliyekuwa amehamia pale tangu msiba, alimzuia mlangoni na ungo wa dengu mkononi.

"Umetumwa?"

"Ndiyo, shangazi. Bwana Tauqir anasema kazi iliyomo ni mali ya ofisi."

"Mtoto wetu ameumwa siku sita, ofisi haikuleta hata ndizi. Amekufa, ofisi haikuleta hata sahani ya haluwa. Sasa imeleta mkono. Huo mkono wa ofisi unajua kupokea tu, kutoa haujafundishwa?"

"Shangazi, mimi nimetumwa tu."

"Hata punda hutumwa, mwanangu, lakini mzigo akiona si wake husimama."

Nosheen akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Alivua miwani tu, akasimama nayo mkononi kama hajui pa kuiweka. Mureed alitoka karakanani, akamwambia shangazi amwache aingie.

Alipoketi, alisema yote bila kuulizwa. Siku ya tisa baada ya mazishi, Bwana Tauqir alimkabidhi kazi ya zamu za wagonjwa na kumwagiza aisafishe, kwa sababu orodha ilikuwa na majina yanayojirudia. Nosheen alimfungua msaidizi wa ofisini, yule asiye na daftari. Msaidizi aliipitia orodha, akasema kuna wagonjwa wenye jina moja, kijiji kimoja na namba moja ya simu, bila shaka ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Akasema tena kwamba kuna kipande cha msimbo kinachozuia wasiunganishwe, na kinaonekana hakina kazi. Akauliza akiondoe.

"Nikamuuliza Bwana Tauqir. Akasema ondoa, Arjumand alikuwa na mambo mengi ya ziada. Nikabonyeza, kaka. Kidole ni hiki."

"Wale wagonjwa walikuwa mtu mmoja?"

"Sughran Mai wawili. Wa kijiji kimoja. Hawana simu, wote wamejiandikisha kwa namba ya mwenye duka. Mmoja mumewe ni Allah Wasaya, mwingine mumewe ni Ghulam Qasim. Tuliwaunganisha wakawa mmoja, na zamu ya mke wa Allah Wasaya ikafutika."

Shangazi Siddiqa, ambaye hakuwahi kushika kompyuta maishani, aliuweka ungo chini. "Mnaishi nchi gani nyinyi? Mimi mwenyewe hospitali nimeandikwa kwa simu ya muuza maziwa. Basi mimi ni ng'ombe wake?"

Hakuna aliyecheka, ingawa kwa siku nyingine wangecheka.

"Na ile barua," Mureed akauliza, sauti yake ikiwa chini sana, "inayosema hakuacha maelezo?"

"Hospitali walipolalamika, Bwana Tauqir akakumbuka kwamba Arjumand alikuwa akisema habari za kumbukumbu. Akaniambia niiweke ofisini. Nikaiweka, mpya, tupu. Akamuuliza msaidizi: Arjumand aliandika nini kuhusu kazi hii? Msaidizi akajibu: sina kumbukumbu yoyote. Bwana Tauqir akalipiga picha jibu lile, akaiambatisha kwenye barua kuwa ushahidi."

Mureed aliinuka, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Alikuwa mtu asiyepandisha sauti, na hata hapo hakuipandisha. Lakini Nosheen alisogeza kiti nyuma.

"Yaani mmenunua daftari jipya dukani, mkalifungua, mkaona kurasa nyeupe, mkasema marehemu hakujua kuandika. Na hilo mkalipiga picha."

"Nilimwambia kwamba kumbukumbu zake ziko kwenye kompyuta yake nyumbani. Akasema, ndiyo maana tunaitaka."

"Anaitaka aisome, au aifute?"

Nosheen alifungua mkoba wake, akatoa kompyuta yake mwenyewe, akaiweka mezani. "Kaka, kabla sijarudi kumwambia Bwana Tauqir kwamba sikuikuta, tuisome hapa."

Kompyuta ya Arjumand ilikuwa ndani ya kitambaa alichokishona mwenyewe, juu ya kabati, pamoja na msahafu wake. Iliwaka, lakini ile programu ya kuandikia ilikataa kufunguka: ofisi ilikuwa imefunga jina lake la kuingilia siku ya tatu baada ya mazishi, wakati matanga hayajaanuliwa. Nosheen akasema haidhuru, faili la kumbukumbu limo kwenye kompyuta na halihitaji ruhusa ya ofisi. Akalinakili kwenye flashi, akalihamishia kwake. Kisha akafungua faili la mipangilio na kuandika mistari michache: jina la kifaa cha kumbukumbu, namna ya kukiwasha, na mahali faili lilipo. Mureed alimtazama. Ilikuwa kama kuunganisha mota: ncha hii hapa, ncha ile pale, na ukikosea moja haizunguki. Umeme ukakatika. Mureed akaleta betri kutoka karakanani, wakaendelea.

Nosheen akaifunga programu, akaifungua upya. Kitone cha kijani kikatokea kwenye kona.

"Imeunganika," akasema, na akaandika swali kwa jina la mradi: Una kumbukumbu gani kuhusu zamu za wodi ya figo?

Jibu lilikuja upesi. Sina kumbukumbu yoyote iliyohifadhiwa kwa mradi huu.

Shangazi Siddiqa aliuliza limesema nini, na hakuna aliyemwambia. Basi ni kweli, aliwaza Mureed. Aliwaza barabara ya kwenda kijijini, atakapopita kwa miguu, na uso wa yule mama. Akaanza kuvuta istighfari, akimwomba Mungu msamaha kimoyomoyo. Kisha, kwa sababu alikuwa fundi, na fundi mota isipozunguka hailaumu kabla ya kukagua ncha, akauliza:

"Umemuuliza kwa jina gani?"

"Jina la mradi. Zamu za wodi ya figo."

"Jina hilo ni la nani?"

"La ofisi. Kumbukumbu huwekwa kwa jina la folda ambamo mtu anafanyia kazi."

"Arjumand hakuiita hivyo. Folda yake aliiita Khurshid, jina la mama. Aliniambia siku aliyoanza. Alisema, kaka, kazi yenye jina la mama siwezi kuifanya ovyo."

Nosheen akaandika jina hilo. Kioo kilitulia kidogo, kisha kikaanza kujaa.

Zilikuwa kumbukumbu mia mbili na kumi na saba. Nosheen alisoma, sauti ikimkatika, na Mureed akamwambia asome tena, polepole.

*Usiunganishe wagonjwa kwa sababu ya namba moja ya simu. Vijijini simu ya mwenye duka ni ya nyumba kumi. Majina ya kina mama hufanana. Angalia namba ya jalada na jina la mume. Mfano: Sughran Mai wawili wa ng'ambo ya mto.*

*Kizuizi hiki kinaonekana hakina kazi. Kina kazi. Kisiondolewe bila kwenda wodini kuwauliza wauguzi.*

*Leo nimemwambia Bwana Tauqir kwa mara ya tatu tuunganishe kumbukumbu hii na kompyuta za ofisi. Amesema tungoje.*

Na ya mwisho, ya siku ya nne ya homa yake: *Ninaumwa. Nikichelewa kurudi, atakayeendelea aanze kwa kusoma kumbukumbu za Khurshid. Kizuizi cha simu kisiguswe. Nimeiacha kazi hii amana.*

Mureed alitoka uani, akafungua bomba, akatawadha ingawa udhu alikuwa nao. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na huzuni yote aliyokuwa nayo asubuhi ilikuwa imegeuka kitu kingine, kikavu na cha moto.

"Hawapati kitu," akasema. "Kompyuta haiondoki hapa, wala hilo faili. Walipoombwa mara tatu walisema tungoje. Na wao sasa wangoje."

"Sawa, kaka," Nosheen akasema. "Ila orodha bado ni mbovu. Sughran Mai tumemrudisha kwa mkono. Wengine walioungana sijui ni nani wala ni wangapi. Humu kuna majina yao."

Shangazi Siddiqa akachukua ungo wake, akaanza tena kuchambua dengu, bila kumtazama mtu.

"Khurshid alikaa kwenye benchi lile miaka mitatu," akasema. "Ukiwa na hasira na mwenye duka, mwanangu, usiwafungie maji wenye kiu."

Mureed alimchukia shangazi yake kwa kitambo kifupi, kama mtu anavyomchukia anayemwambia kweli. Kisha akamwambia Nosheen anakili. Aunganishe kumbukumbu na kompyuta za wodi na za ofisi, leo hii, kwa jina lile lile la Khurshid. Kompyuta yenyewe itabaki juu ya kabati, na Bwana Tauqir akiitaka aje mwenyewe.

Alikuja. Alikuja siku ya arobaini, Jumapili baada ya adhuhuri, na katoni ya peremende ambayo shangazi aliipokea kwa vidole viwili. Wanaume walikuwa uani chini ya turubai, wameketi juu ya shuka nyeupe, kila mmoja akihesabu nyiradi kwa kokwa za tende. Wanawake walikuwa ndani, pazia katikati. Allah Wasaya alikuwa amekaa safu ya nyuma, karibu na viatu, kama mtu asiyejua kama amealikwa au ameitwa barazani.

Hitima ilipokwisha na dua ikaitikiwa, Mureed alisimama. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi, akayasahau, akasema mengine.

"Jamaa, siku arobaini zilizopita nilisimama mbele yenu nikasema mwenye haki kwa Arjumand aje. Amekuja mmoja. Mzee Allah Wasaya amekuja kusamehe, kwa sababu amesomewa barua inayosema marehemu hakuacha maelezo. Nataka mumsikie marehemu."

Akaisoma ile ya simu. Akaisoma ile ya kizuizi. Alipofika kwenye ile ya mara ya tatu, Bwana Tauqir alisimama, akikung'uta suruali.

"Bwana Mureed, nakupa pole. Lakini mambo ya ofisi hayazungumzwi kwenye hitima. Tumstahi marehemu."

"Wewe ulimtaja kwenye barua yeye akiwa hayupo. Mimi nakutaja hapa wewe ukiwepo. Nani kamstahi mwenzake?"

"Tutaandika barua ya masahihisho."

"Kalamu ninayo. Karatasi hii, nyuma ni nyeupe."

"Kuna utaratibu."

"Arjumand naye alikuambia mara tatu kuna utaratibu. Ulisemaje?"

Bwana Tauqir akasema msaidizi wa kompyuta ndiye aliyependekeza, na wafanyakazi wachanga ndio waliotekeleza. Hapo pazia likasogezwa, na Nosheen akasimama mlangoni, shungi limeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Aliyetekeleza ni mimi," akasema. "Nilikuuliza, ukasema ondoa, Arjumand alikuwa na mambo mengi ya ziada. Kesho unaweza kunifukuza. Leo nimesema."

Allah Wasaya aliinuka taratibu, magoti yakimlalamikia. Alikuja mpaka katikati ya shuka, akamtazama Mureed.

"Mwanangu, basi huu msamaha wangu ni wa nani? Maana nimekuja nao mara mbili, nauli yenyewe mnaijua."

"Si wa Arjumand, mzee. Hana haja nao."

Mzee akamgeukia Nosheen. "Binti, wewe unauomba?"

"Nauomba, baba."

"Umepewa. Na Sughran atakuambia mwenyewe Alhamisi, ila yeye ana maneno mengi, ujiandae."

Kisha akamgeukia Bwana Tauqir. Alingoja, kama alivyongoja siku ile mlangoni pa karakana, bila haraka na bila kukatiza hesabu ya mtu. Bwana Tauqir aliangalia simu yake, akaangalia lango, akasema ana kikao. Watu wakampisha. Hakuna aliyemwambia akaribie wali.

Allah Wasaya akatupa kitambaa chake begani. "Uliobaki," akasema, "narudi nao."

Barua ya masahihisho ilifika baada ya siku tisa, mistari minne. Ilisema kulikuwa na upungufu wa kiufundi ambao sasa umerekebishwa. Haikusema wa nani. Jina la Arjumand halikuwamo. Mureed aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Walipomtoa kwenye kosa, walimtoa na kwenye kazi.

Alimpigia simu Nosheen, ambaye alikuwa hajafukuzwa kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi ile. Akamuuliza kama kitone kile cha kijani bado kinawaka.

"Kinawaka, kaka. Jana nilimjaribu msaidizi. Nilimwagiza aunganishe majina yanayofanana, kama siku ile. Amekataa."

"Amesemaje?"

"Amesema Arjumand ameagiza kwanza twende wodini tukawaulize wauguzi."

Mureed aliikunja barua, akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya karakana, ambao ulikuwa ukiyumba tangu mwaka jana. Meza ikatulia. Akavuta waya wa shaba, akaanza kuhesabu kuanzia moja.